Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Kodiani ya Saa Tisa

4 Februari

Shemeji yangu Fundi Meno,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kiti, maana leo nina mengi. Huku tu wazima. Binti amebadilishiwa meza kazini kwao, sasa anakaa karibu na dirisha, na namna anavyosimulia utadhani amepewa uwaziri. Goti langu la kulia bado halielewani na kanyagio la cherehani. Nimepata kazi ya mapazia ya ukumbi wa shule, kitambaa chekundu, kizito. Nikikiweka mapajani ni kama nimempakata mtoto wa watu aliyelala. Wewe je? Bado unakunywa chai na mkate mkavu kwa kisingizio kwamba sufuria ni moja? Tafuta mke, shemeji. Sufuria ya pili itakuja naye.

Najua ningeweza kupiga simu. Lakini tangu simu ile ya Novemba, ikilia tu nashika ukuta, na nadhani nawe ni hivyo hivyo. Barua haimshtui mtu.

Sasa jambo lenyewe. Kaka yako ameniachia wake wenza wawili. Usianguke, unawajua: Bi Mkubwa na Bi Mdogo, zile huduma mbili za muziki wa mtandaoni alizojisajilia. Bi Mkubwa ndiye wa kwanza. Ana nyimbo zote za dunia, hata zile zilizoimbwa na watu watatu na kopo, ila sauti yake nyembamba, kama mtu anayeimba ndani ya kabati. Bi Mdogo alikuja baadaye. Nyimbo zake si nyingi, lakini sauti! "Sauti ya hali ya juu," alikuwa akisema marehemu, mkono kifuani kama anakula kiapo. Mtu anayefunga spika kwenye harusi na mikutano, alisema, hawezi kukaa na Bi Mkubwa peke yake. Nikimuuliza kwa nini asiache mmoja, ananijibu, "Mwanamke, unanishauri kutoa talaka?"

Binti anasema niache mmoja, kwamba hakuna mtu mwenye akili anayelipia muziki mara mbili. Mimi sijaamua. Katikati ya Januari ndipo nilipopata nguvu ya kuwasha ile spika kubwa ya marehemu, nikamcheza Bi Mdogo wakati nakunja mapindo. Ikafika saa tisa alasiri, wimbo ukakatika katikati ya neno. Kwenye simu yake kukaandikwa: Akaunti hii inatumika kwenye kifaa kingine.

Nilikaa na sindano mkononi. Sitakuficha: jambo la kwanza nililofanya ni kutazama kiti chake.

Kisha nikakasirika, nikabonyeza, wimbo ukaendelea. Ukakatwa tena. Nikabonyeza tena. Ukakatwa mara ya tatu, nikabonyeza, nikaachwa. Kesho yake saa tisa, vilevile. Mara tatu, halafu basi. Mpaka leo ni hivyo kila siku ya kazi, ila Jumamosi na Jumapili napumzishwa. Jini gani hilo lenye mapumziko ya wikendi?

Wewe unajua vyombo vidogo vidogo. Niambie hiyo ni nini. Binti sijamwambia, ataniletea fundi au daktari, na sitaki yeyote kati yao.

Shemeji yako wa mapazia


27 Februari

Shemeji,

Nimesoma nikiwa nimekaa kama ulivyoamuru, ingawa kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi na nilisoma nikiyumba. Nimefurahi kusikia habari ya meza ya binti. Mwambie baba yake mdogo naye ana dirisha, linatazama ukuta.

Huku kliniki kazi ni nyingi. Mwezi huu bibi mmoja amenirudishia meno mara mbili. Kila jino limekaa mahali pake, limenyooka, linang'aa, na bado analia kwamba hayo si meno yake. Mwishoni nikaligeuza jino moja la mbele kidogo, likae upande kama lake la ujana. Akajitazama kwenye kioo, akacheka mpaka nikaogopa yatamtoka. Kuhusu mke: nitatafuta mwenye sufuria ndogo, jiko langu halina nafasi.

Hilo la Bi Mdogo lisikusumbue. Ni hitilafu ya kawaida ya mtandao. Alasiri jua linakuwa kali na joto hulegeza waya, basi mawasiliano yanakatika. Wataalamu wanalijua sana. Ushauri wangu ni kwamba saa tisa upumzishe goti, unywe chai, uwashe tena saa kumi.

Kuhusu talaka, binti amesema kweli, wawili ni wengi. Mwache Bi Mkubwa. Bi Mdogo usimguse. Sauti ile ya hali ya juu ukiiachia, kuipata tena ni shida. Na neno la siri usilibadilishe hata mtu akikushauri vipi, maana ukilibadilisha hitilafu inaweza kuzidi.

Nakutakia mapazia mema.

Shemeji yako


19 Machi

Shemeji yangu mtaalamu,

Joto hulegeza waya! Nilipofika hapo nilicheka mpaka mteja aliyekuja kupima dirisha lake akaniuliza kama namcheka yeye. Shemeji, mimi nimeishi na fundi spika tangu nina kiuno. Nimekunja waya kwa mkono huu, nimekalia maboksi ya spika nyuma ya gari mvua ikininyeshea. Bi Mdogo hana waya. Na hapa kwetu juma zima lilikuwa la mvua.

Halafu wewe, ambaye hata mmoja huna, unanishauri nimwache yupi kati ya wawili?

Basi sikupumzisha goti. Saa tisa nilikaa mbele ya simu yake nikaitazama kama paka anavyolitazama shimo. Wimbo ulipokatwa, pale kwenye kioo pakaonyesha kinachochezwa huko kwenye kifaa kingine. Ilikuwa kodiani. Kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kifuani. Kesho yake kodiani. Keshokutwa kodiani na mtu anapiga mluzi!

Wewe unajua kaka yako alivyoichukia kodiani. Alikuwa akisema ni mbuzi aliyefundishwa nota. Kwa hiyo si yeye. Sijui kama nilipumua kwa nafuu au kwa huzuni. Labda vyote. Ni mwizi tu, wa kawaida, mwenye kazi ya Jumatatu mpaka Ijumaa na masikio mabaya.

Nimemwekea mtego. Marehemu ana orodha moja aliyoiita Za Alasiri, na mwizi huyu, nimeona, nisipobonyeza, akishamaliza kodiani yake huingia humo, huanzia juu na kuteremka. Nimeenda nikaingiza wimbo wa watoto wa kujifunza sauti za wanyama, baada tu ya wimbo wa pili. Kuna jogoo, kuna ng'ombe, kuna bata, na kila mnyama anarudiwa. Na aufaidi.

Usiku wa mtu mzima ni mrefu lakini alasiri yake ni ndefu zaidi, hilo nimelijua mwaka huu. Ukiwa na mwizi wa kumvizia inapungua kidogo.

Nisalimie dirisha lako.

Shemeji yako mwindaji


10 Aprili

Shemeji,

Natumaini goti limetulia na watu wa shule wameyapokea mapazia. Mimi ni mzima wa mwili. Heshima ndiyo inauguza majeraha.

Nikupe kisa kilichompata mwenzangu mmoja hapa kazini. Ni mtu mpole, mtu wa watu. Huwa anasikiliza muziki kwenye spika ndogo wakati anafanya kazi, na alasiri moja alikuwa anachukua vipimo vya mdomo wa mwalimu mkuu wa shule ya hapa karibu. Unajua vipimo vinavyochukuliwa: unamjaza mtu mdomo ule udongo laini wa kupimia, unamwambia asitikisike, nawe unashikilia kwa mikono miwili mpaka ugande. Huwezi kuachia. Ukiachia, kazi yote imeharibika.

Basi katika hali hiyo, baada ya nyimbo mbili nzuri kabisa, jogoo akawika. Kwa sauti ya hali ya juu. Mwalimu mkuu akafumbua macho. Watoto wa kwenye wimbo wakauliza, "Nani huyo?" wakajibiwa ni jogoo. Jogoo akawika tena ili kuthibitisha. Mwenzangu mikono yote miwili iko ndani ya mdomo wa mheshimiwa, simu iko mezani. Akaja ng'ombe. Akaja bata. Ilipofika kwa bata, mwalimu mkuu akaanza kutikisika mabega, machozi yanamtoka, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, mpaka udongo wote ukamtoka puani na mdomoni. Akasema maneno ambayo hayafundishwi shuleni.

Vipimo vile vilipokauka vilionyesha mtu anayecheka. Mwenzangu ameviweka rafuni.

Nimekusimulia tu kwa sababu najua unapenda kucheka. Halihusiani na lolote. Kuhusu huyo mwizi wako, mimi nisingemhukumu haraka. Pengine ana sababu zake. Pengine hata si mwizi.

Nikiwa mtoto, mimi na kaka tulikuwa na redio moja yenye kisikilizio kimoja. Tuligawana kwa zamu. Zamu yangu ikizidi, yeye hakuomba. Alichomoa waya kutoka sikioni kwangu, wimbo ukiwa katikati. Nami nikauchomoa kwake. Mama alikuwa akisema hatujawahi kusikia wimbo mmoja mpaka mwisho. Sijui kwa nini nimekumbuka.

Shemeji yako


2 Mei

Shemeji,

Binti alikuja wikendi. Amepaka jikoni rangi ya maziwa, ameniunguzia sufuria, amelia kidogo mbele ya koti la baba yake lililo nyuma ya mlango, kisha amelala kama gogo. Koti sijaliondoa. Mfukoni mna bisibisi na pipi mbili, na nikihama chumba bado nasikia kama bisibisi inagonga.

Mpe pole mwenzako wa kazini. Mwambie jogoo anamsalimu. Mwambie pia kwamba mimi si mkali, na kwamba nimecheka kwa mara ya kwanza nikiwa peke yangu nyumbani, jambo ambalo sikujua kama linaruhusiwa.

Lakini kuna neno nataka umfikishie, na hili si la utani.

Kila Jumatatu Bi Mdogo hupanga nyimbo mpya za wiki. Anazichagua kwa kutazama marehemu amesikiliza nini. Bi Mdogo hajui kwamba amefiwa. Yeye bado anamtafutia mumewe nyimbo, kila Jumatatu, kwa uaminifu. Mimi nilipogundua hilo niliacha kucheza changu chochote. Nacheza vyake tu, vile vya zamani alivyovipenda, ili Bi Mdogo asimsahau. Na Jumatatu asubuhi nikifungua, ni kama ametoka nyuma ya mlango kuniambia, "Hebu sikiliza huu." Wimbo mpya, ambao hakuwahi kuusikia, lakini ambao angeuchagua yeye. Hakuna mahali pengine duniani ninapompata akisema jambo jipya.

Sasa mwenzako anamchanganya. Jumatatu iliyopita nyimbo tano zilikuwa za kodiani. Moja ya mazishi, na bado kodiani! Simwoni tena mume wangu humo. Namwona mtu mwingine amevaa koti lake.

Binti yuko tayari kunibadilishia neno la siri, ni kazi ya dakika moja. Nimemwambia asubiri. Mwambie mwenzako hivyo. Sitaki kumfungia mtu mlango bila kumwambia.

Na wewe, je, huna la kuniambia?

Shemeji yako


24 Juni

Shemeji,

Sijapata jibu lako. Nilijipa sababu: posta, kazi, mguu wa kiti. Sasa sababu zimekwisha.

Mapazia ya shule yamefungwa. Siku ya kuyafungua kamba ilikwama, ikabidi mlinzi apande ngazi ayavute kwa mkono, lakini rangi imependeza. Nimeanza kazi ya nyumba ya daktari, madirisha manane, kila moja na upana wake, kama aliyejenga alikuwa anakisia. Goti halijambo kabisa. Limeona huruma.

Tangu mwishoni mwa Mei hakuna anayenikatiza. Saa tisa inafika, inapita. Wimbo unakwenda mpaka mwisho, unaingia mwingine, nao unakwenda mpaka mwisho. Nyimbo za Jumatatu zimerudi kuwa safi, hakuna kodiani hata moja. Nimepata nilichotaka.

Sikipendi.

Nyimbo ni nzuri, siwezi kuzilaumu, lakini zinafanana kama meno ya yule bibi wako kabla hujaligeuza lile moja. Juzi saa tisa nilijikuta nimeacha cherehani, nimekaa mbele ya simu yake, nangoja kuibiwa. Mtu mzima, miwani puani, nangoja kuibiwa!

Na kuna jambo limenirudia. Jumatatu asubuhi kaka yako alikuwa na kawaida ya kufungua Bi Mdogo akiwa na kikombe cha chai, na mara nyingi nilimsikia akisema, "Ameniharibia tena, mshenzi huyu," halafu anacheka peke yake. Nilikuwa natia uzi sindanoni, sikuuliza. Nilidhani anamsema mteja. Shemeji, alikuwa anamsema nani?

Tafadhali niandikie, hata kama ni kunitukana.

Shemeji yako


15 Julai

Shemeji yangu,

Sijaugua na sijaoa. Nilikuwa na aibu tu, na aibu kwangu hukaa kwenye mkono wa kuandikia. Habari ya ngazi na mlinzi imenifurahisha. Bibi wa meno amenitumia embe sita kwa shukrani, zote ngumu, nadhani anataka nijaribu meno yangu.

Unajua kwamba hakuna mwenzangu wa kazini. Hapa chumba cha nyuma niko peke yangu na meno ya watu.

Alikuwa ananisema mimi. Neno la siri alinipa mwenyewe, mara tu alipomchukua Bi Mdogo. Nikueleze ilivyokuwa, na mimi pia nikae chini.

Kaka alikuwa hasikii vizuri. Hakutaka ulijue. Miaka yote ile ya kusimama karibu na spika ilimla masikio, kwanza lile la kushoto, kisha la pili likafuata. Ndiyo maana alisema hapendi simu. Hakuwa na maringo, alikuwa hasikii mtu anasema nini, na alichoka kusema "eeh?" mpaka mtu akate. Kumbuka alivyokuwa akiweka kiganja juu ya spika. Najua ulidhani anapima joto.

Ule wimbo wake wa kujaribia spika, wa yule mama anayevuta pumzi kabla ya kuanza kuimba, pumzi aliyosema inasikika kwa Bi Mdogo tu, alinichezea nilipokuja kwenu mara ya mwisho. Akaniuliza, "Unasikia pumzi?" Nikasema ndiyo. Sikuisikia, shemeji. Sijawahi kuisikia. Nilisema ndiyo kwa sababu nilimwona anavyonitazama mdomo.

Basi, kwa kuwa simu ilimshinda, tukarudia mchezo wa kisikilizio. Bi Mdogo hakubali watu wawili kwa wakati mmoja. Mmoja akianza, mwingine anakatwa. Saa tisa ndiyo mapumziko yangu ya chai. Nabonyeza, namkata. Yeye anahisi kwenye kiganja kwamba spika imekufa, anabonyeza, ananikata. Mara ya kwanza maana yake: upo? Ya pili: mzima? Ya tatu: haya, kesho. Ndiyo maongezi yetu yote, kila siku ya kazi, kwa miaka, nawe pengine ulidhani anajaribu spika. Na mimi nilimkata kwa kodiani, kwa sababu aliichukia, na kwa sababu nilijua Jumatatu Bi Mdogo atamletea nyingine. Bi Mkubwa, kaka alimweka pembeni makusudi ili nikimnyang'anya huyu awe na pa kukimbilia. Hakuhitaji wawili kwa ajili ya sauti. Sauti gani, na masikio yale? Lakini nisikilize: usimdhanie mwongo. Alifurahi kuilipia. Alisema angalau nyumbani iwepo, hata kama haiji kwake.

Alipofariki sikuweza kuacha. Saa tisa mkono ulikwenda wenyewe. Nabonyeza, kodiani inaanza, hakuna anayenikata. Novemba iliyobaki, Desemba yote. Nilikuwa nasikiliza ule upuuzi mpaka mwisho, na sijawahi kujua nyimbo za kodiani ni ndefu kiasi hicho.

Halafu siku moja ya Januari nikakatwa.

Nilikuwa nimeshika taya la mtu, la jasi, likaanguka likavunjika. Nikabonyeza. Nikakatwa. Nikabonyeza mara ya tatu, nikakatwa, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Haya, kesho." Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikipita kwenye madimbwi kama sioni.

Barua yako ya kwanza ilipokuja ilithibitisha kwamba ni wewe, si yeye. Ni kweli nilijua tangu mwanzo, nani mwingine? Lakini kujua si kama kuandikiwa. Nilikukasirikia kidogo kwa kuniandikia. Ndipo nikakuletea habari za waya na joto. Nilitaka uendelee kunikata bila kujua unafanya nini.

Ulipoandika kwamba nimevaa koti lake, nikaacha. Nyimbo za Jumatatu ni zako, sina haki nazo. Sasa hivi saa tisa nafungua tu kutazama unacheza nini, kisha naweka simu mfukoni. Neno la siri badilisha ukitaka. Sitauliza.

Embe moja imeiva.

Shemeji yako


6 Agosti

Shemeji,

Barua yako imefika asubuhi pamoja na binti, ambaye amechukua likizo na amekuja na sufuria mpya. Nimemsomea yote, isipokuwa pale uliposema mshenzi ni wewe, hapo hakuhitaji kusomewa. Aliweka sufuria yake chini, akauliza, "Kwa hiyo sisi sote tulikuwa tunalipia pumzi ambayo hakuna aliyeisikia?"

Maana mimi pia sijawahi kuisikia, shemeji. Kila alipouliza, nilikuwa nimeng'ata pini, nahesabu vitanzi vya pazia, nikasema "mmh." Akaenda kwa mteja akamwambia, "Mke wangu ameisikia." Wewe umesema ndiyo, mimi nimesema mmh, yeye amesema ndiyo kwa wateja wote wa mji. Tumeicheza leo asubuhi na binti, mara nne, tumesogeza vichwa mpaka vikagongana. Binti anasema kuna kitu. Mimi nasema ni gari lilipita.

Kuhusu masikio yake, nililia, kisha nikakumbuka miaka yote niliyomtukana kwa upande wa kushoto, nikamshukuru Mungu kwa mpangilio wake.

Binti amerudia swali lake: tumwache yupi? Nimempa jibu la baba yake. Wote wawili wanabaki. Bi Mkubwa atanishonesha mapazia. Sauti nyembamba inamtosha mtu aliyeng'ata pini. Bi Mdogo ni wa saa tisa. Neno la siri halibadiliki, na binti ameapa kwa sufuria yake.

Na Jumatatu, shemeji. Nilikuandikia kwamba simwoni mume wangu katikati ya kodiani. Sasa najua kwamba zile nyimbo safi ndizo zilizokuwa za mtu nisiyemjua, mtu anayefanana naye lakini hana ndugu. Kaka yako hakuwahi kuamka Jumatatu isiyo na mbuzi wako ndani yake. Niharibie tena. Nina kikombe cha chai na nimeanza kujizoeza lile neno.

Ningeweza kuitia barua hii posta na kungoja, lakini itachukua karibu majuma matatu, na saa ya ukutani hapa inaonyesha bado kidogo tisa. Umesema huwa unafungua kutazama nacheza nini. Basi nimechagua kwa makini. Binti amekaa kwenye kiti cha baba yake, nimemruhusu. Kiganja changu cha kushoto kiko juu ya spika, cha kulia kinakuandikia, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Saa tisa imegonga. Nimemweka jogoo.

Amewika mara moja. Watoto wameuliza ni nani. Amewika tena, ng'ombe ameingia. Wewe huna mtu mdomoni leo? Bata anakuja. Binti ananitazama kama anavyotazamwa mgonjwa. Umeweka simu mfukoni, shemeji, au hujafungua bado

Imekufa. Imekufa chini ya kiganja changu! Bata amekatwa katikati ya neno, nyumba yote kimya, na kwenye kioo kodiani na yule mtu wa mluzi.

Nipo. Nimebonyeza.

Umenikata. Mzima, shemeji, mzima kabisa, hata goti. Nimebonyeza.

Umenikata. Binti anataka kubonyeza yeye. Nimemwachia.

Haya, kesho.